Barua za Kukanda Macho

Mildura, 14 Agosti 1994

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne. Zile tatu sijui kama zilipotea au zilifika zikawekwa, na sikuulizi. Mimi na mtoto tu wazima, ila baridi ya huku mwezi huu inauma mpaka mizizi ya meno. Natumaini wewe na wifi Kalolaine hamjambo, na lile paa lililoezuliwa na upepo limekwisha rudi mahali pake.

Kanisani nimekutana na Mele wa huko nyumbani Pangai, amekuja kumtembelea kaka yake. Ameniambia macho yanakusumbua: yanawasha kama yametiwa mchanga, asubuhi kope zimegandana, na ukisuka mkeka saa moja tu lazima uweke chini. Mama, ugonjwa huo naujua kwa sababu umenipata. Nafanya kazi kwenye banda la zabibu kavu, feni zinavuma kutwa na vumbi haliishi. Ilifika mahali kila nikipepesa nahisi kope zinakwaruza kama msasa. Mama mmoja wa zahanati ya macho akaniambia ni ukavu. Kwenye kingo za kope kuna vitundu vidogo vya mafuta. Mafuta yakiganda, machozi hukauka upesi. Dawa yake ya kwanza ni kukanda.

Chukua kitambaa safi cha pamba. Chemsha maji, yaache yapoe yawe ya vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga, na uyajaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono. Nawa mikono. Chovya kitambaa, kamua, lala chali, fumba macho, kiweke juu. Kikipoa kichovye tena, mpaka zipite dakika kumi. Halafu kwa ncha ya kidole sugua kope taratibu sana, ya juu ukishuka, ya chini ukipanda. Fanya hivyo asubuhi na jioni, wala usikate tamaa siku ya tatu.

Najua hutaki neno langu. Basi chukua maji, neno uliache.

Mkazamwana wako,
Lesieli


Holopeka, 2 Oktoba 1994

Lesieli,

Sisi wazima. Paa limerudi. Barua zako tatu zilifika, zimo kashani pamoja na zile za serikali. Sikujibu kwa sababu sikuwa na neno jema, na mama yangu alinifunza kwamba aliyekosa neno jema atafune muwa kwanza. Nimetafuna mwaka na nusu.

Hii ya nne Kalolaine aliisoma kwa sauti nikiwa nimejilaza, akijifanya anajisomea mwenyewe. Kesho yake nikamwona anachemsha maji. Nikamwambia, "Sitaki dawa ya yule." Akanijibu, "Hii si dawa ya yule, mama, ni maji ya tangi letu." Nikalala. Siku ya kwanza aliniunguza. Huyu dada yake Sitiveni kufundisha watoto wa shule anajua, lakini mkono wa kuuguza Mungu hakumpa. Nilipiga ukelele mpaka jirani yetu Maka akaja na panga, akidhani tumevamiwa.

Nikueleze jambo moja. Macho haya unayoyaita makavu yanatoa machozi. Upepo ukipiga tu yanamwagika. Jumapili nilikaa karibu na dirisha, mchungaji anahubiri habari za zaka, mimi nabubujikwa. Alinishukuru mbele ya watu wote. Nataka ulijue hili kwa sababu wanaotoka hapa watakuambia kwamba mimi, Fusi, bado namlilia mwanangu hadharani. Ni upepo. Nilipolia kweli hawakuniona.

Sasa nami nina swali. Ulimzika mwanangu katika udongo mwekundu, kati ya watu ambao hata jina lake hawawezi kulitamka. Sikupata kumbusu paji la uso. Nilikaa kwenye mkeka wa msiba mbele ya picha. Niambie kwa nini, na usinipambie.

Mama yake Sitiveni


Mildura, 30 Oktoba 1994

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu vya kazi miguuni. Mtoto ana mafua kidogo, mengine salama.

Sikupambii. Unajua kwamba trekta lilimpindukia kwenye mfereji wa maji, na kwamba aliishi siku tatu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Alipokufa nilikwenda kwa watu wa ndege. Waliniangalia tumbo wakasema mwanamke wa hali hii hapandi. Jeneza laweza kwenda, mimi nibaki. Angesafiri chini ya ndege pamoja na masanduku ya watu. Angeshushwa Sydney angoje, apakiwe tena, ashushwe tena, na njia nzima asiwepo mtu wa kumwambia, "Sitiveni, tuko hapa." Nilishindwa, mama. Sababu yote ni hiyo. Watu wetu walisema nina kiburi, na sikuwa na nguvu ya kujibu. Kama nilikosea, nilikosea kwa kutotaka aende peke yake.

Siku ya pili pale hospitali alizinduka akaniuliza kama kuna mawimbi. Bahari iko mbali sana na hapa. Nikamwambia yapo. Akasema, "Basi mama yuko ufukweni kwenye majani yake ya mikeka," akalala. Hilo sijamwambia mtu.

Mtoto nimempa jina lako, Fusi. Najua haki ya kutoa jina ni ya wifi, yeye ndiye shangazi. Sikumwomba, niliogopa angenikatalia. Ana mwaka mmoja na miezi saba, na akikasirika anakunja mikono kifuani na kutazama ukutani.

Mwambie wifi kitambaa kisitoe mvuke. Na unaposuka, kila ukimaliza mstari, fumba macho uhesabu hadi tano. Hayo machozi ya upepo ndiyo ukavu wenyewe. Jicho lililokauka likichokozwa hulia ovyo.

Mkazamwana wako,
Lesieli


Holopeka, 8 Januari 1995

Lesieli mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula, tuliimba, mchungaji alikohoa mahubiri mazima, kila kitu kama kawaida. Mafua ya mtoto yamekwisha?

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Pale pa ndege nilimwambia Kalolaine apasome mara tatu. Mara ya tatu alikataa, "Mama, utaniua." Basi. Mtoto wa kupakiwa na masanduku mimi nisingemtaka. Ulivyofanya ndivyo. Sina zaidi, na usinitake niseme zaidi.

Kuhusu jina, Kalolaine alinuna siku mbili akisema amenyang'anywa. Siku ya tatu nikamsikia akiwaambia walimu wenzake kwamba yeye ndiye alilichagua. Mwache. Na huyo somo wangu anayekunja mikono na kutazama ukutani, usihangaike kutafuta alikoipata tabia hiyo. Muulize yeyote wa Holopeka.

Macho ni mazuri. Kalolaine amefuzu. Asubuhi kabla hajaenda shule nalala barazani, anakuja na bakuli, anajaribu maji mkononi mwake, halafu mwangu, maana simwamini. Kitambaa tulichana shati la shule la Sitiveni, lile la darasa la saba, limekuwa laini kama ngozi ya sikio. Joto linaingia polepole, kama mgeni anayepiga hodi kwa adabu. Dakika kumi Kalolaine ananiambia habari za watu. Katika miaka yote ya kukaa nyumba moja hatujawahi kuongea hivi. Mchanga umeondoka na kope hazigandani tena. Nimeanza mkeka wa somo wangu, majani ya mkadi yalikaa baharini wiki mbili, yametoka meupe.

Kimebaki kitu kimoja. Jicho la kushoto lina kama utando wa buibui unaoelea; nikitazama mbinguni unapita, ukitulia unarudi. Nadhani ni hayo mafuta yako yanayeyuka. Nitazidisha kukanda.

Mlete mtoto. Nataka nione hiyo mikono inavyokunjwa.

Mama mkwe wako,
Fusi


Mildura, 12 Februari 1995

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeibeba mfukoni wiki nzima, wenzangu wananiuliza nimepata mchumba. Tuko wazima. Ni mavuno, tunaanza kazi kabla jua halijachomoza, naandika huku malori yananguruma nje.

Tutakuja. Lakini nikitoka kabla vibali vyangu vya kukaa havijakamilika, mlango unafungwa nyuma yangu, na wazazi wangu wananitegemea. Wameniambia kabla ya mwisho wa mwaka vitakuwa tayari. Tuseme Desemba.

Huo utando usikutie hofu. Hata mimi nilikuwa naona ukungu mafuta yakitoka. Pepesa, utapita. Kanda mara tatu kwa siku badala ya mbili.

Nimetia picha ya Fusi humu. Alikataa kutabasamu.

Mkazamwana wako,
Lesieli


Holopeka, 25 Mei 1995

Lesieli mwanangu,

Hatujambo. Natumaini ninyi pia.

Nakanda mara tatu. Picha imefika. Kalolaine anasema masikio ni ya Sitiveni na kidevu ni changu.

Usijali mistari ya barua hii kupanda na kushuka, naandikia gotini. Mkeka unakwenda polepole.

Ukiweza kuja kabla ya Desemba, njoo. Ukishindwa, basi.

Mama mkwe wako,
Fusi


Mildura, 3 Septemba 1995

Mama,

Shikamoo. Nimeandika Juni, nimeandika Julai, sijapata jibu. Kimya chako cha zamani nilikielewa. Hiki sikielewi.

Vibali vimetoka. Tunaingia huko visiwani kwetu Ha'apai tarehe ishirini Desemba, wiki tatu. Somo wako sasa anamwita "bibi" kila mwanamke mwenye mvi. Juzi dukani alimkumbatia mama mmoja wa watu miguu, nikaomba radhi mpaka nikachoka.

Nimeirudia barua yako ya Mei. Hukusema umeiona picha. Umesema Kalolaine anasema. Mama, nakuomba kwa jina la Sitiveni, niambie macho yakoje.

Mkazamwana wako,
Lesieli


Holopeka, 29 Oktoba 1995

Lesieli mwanangu,

Anayeandika ni Kalolaine, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza lake. Mwili haujambo, chakula kinapita. Kaa chini kwanza.

Sioni. Jicho la kushoto lilizimika Aprili. La kulia lilifuata Agosti. Asubuhi hiyo niliamka nikamuuliza Kalolaine mbona hajafungua madirisha. Nikasikia kuku uani, nikasikia watoto wanapita barabarani kwenda shule wakigombana, nikajua madirisha yalifunguliwa kitambo.

Tulipanda meli kwenda mji mkuu, Nuku'alofa. Daktari wa macho ni mtu mpole, ana mikono baridi. Alisema damu yangu imejaa sukari, pengine miaka kumi, na sukari imepasua mishipa midogo huko nyuma ndani ya jicho. Ule utando wa buibui ulikuwa damu. Nilimweleza habari za kukanda. Akasema ni sawa kabisa, ukavu nao nilikuwa nao, na kitambaa kilifanya kazi yake. Ila kitambaa hakifiki nyuma ya jicho. Akaniuliza kwa nini sikuja utando ulipoanza, maana wakati ule kulikuwa na la kufanya. Nikamwambia nilikuwa na shughuli za mkeka.

Sasa nisikilize kabla hujaanza kujipiga kifua. Hukujua. Nilikuandikia utando mmoja. Zilikuwa nyingi, na baadaye likaja pazia, na la pazia sikukuandikia. Kalolaine aliniambia Machi twende kwa daktari, nikamfokea mpaka akatoka nje. Anasema niandike pia kwamba alirudi akaniomba kwa magoti. Haya, nimeandika.

Nilikuwa naogopa, na si upofu. Mimi na wewe tulikuwa hatuna kitu baina yetu isipokuwa kaburi. Kisha likaja hili la maji. Kila barua ilikuwa na maji ndani yake: yasiwe moto, fumba uhesabu tano, kanda mara tatu. Nikasema moyoni, nikimwambia ni ugonjwa wa daktari, maji hayatakuwa na kazi tena, naye hatakuwa na la kuniandikia. Mzee akiamua kuwa mjinga huumaliza ujinga wote kwa siku moja.

Kalolaine bado ananikanda. Macho yasiyoona nayo huwasha, hilo hakuna aliyeniambia.

Njooni Desemba kama mlivyosema.

Mama


Mildura, 19 Novemba 1995

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Shikamoo. Mtoto mzima.

Nilipomaliza kusoma nilimwacha Fusi kwa jirani, nikaenda kwa Sitiveni. Nilimweleza yote kwa sauti, mtunza makaburi akazima mashine yake ya kukata nyasi akasogea mbali.

Nakumbuka nilivyokuandikia. Malori yalikuwa yananguruma, nilitaka kufunga bahasha. Nikaandika, pepesa, utapita. Na yule mama wa zahanati aliniambia, mama. Aliniambia wazi: kukanda ni kwa ukavu, ukianza kuona vitu vinaelea, au kuona kukipungua, usikae ukakanda, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Sikukuandikia maneno hayo kwa sababu mimi hayakunihusu. Niliyasikia na sikuyabeba.

Unasema nisijipige kifua. Umenisamehe la kwanza, sasa unanisamehe la pili, na mimi hata sijapata kukushika mkono. Usinisamehe upesi hivyo. Acha nije kwanza unitukane uso kwa uso.

Wala usiniambie tena kwamba tulikuwa hatuna la kuandikiana. Ningekuandikia bei ya vitunguu.

Mwanao,
Lesieli


Holopeka, 28 Januari 1996

Lesieli mwanangu,

Natumaini mlifika salama na mizigo yote, na viazi vikuu mlivyofungiwa havikuchukuliwa kule forodhani. Huku joto limezidi, mashelisheli yanaanguka yenyewe na nguruwe wa Maka wamenenepa kwa wizi. Dawa ya sukari nameza. Anayeandika ni yuleyule.

Nyumba imekuwa kubwa. Sikujua mtoto mmoja anaweza kuijaza hivyo. Siku tatu za kwanza alinikimbia, akasema nina macho ya samaki, nawe ukataka kumchapa. Ulifanya vizuri kumwacha. Alisema kweli, na Kalolaine alicheka mpaka akamwaga chai. Ile siku ya nne sitaisahau. Mlikuwa kisimani. Nikasikia nyayo, kisha mtu ananipanda mapajani bila salamu, akachukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake, limechubuka, limelowa. "Puliza," akasema. Nikapuliza. Sura yake niliipata mchana mmoja akiwa amelala, maana akiwa macho hakubali kushikwa. Kidevu ni changu. Masikio ni ya baba yake kabisa, hata kile kipele cha nyuma. Nilikaa pale na vidole vyangu mpaka jua likahama.

Kalolaine ananiuliza, kalamu iko mkononi, kwa nini sikumwomba yule mtoto abaki. Nitamjibu humu ili msikie wote wawili. Yeye ni shangazi. Kwa mila yetu angesema neno moja nawe usingeweza kukataa. Ulilijua hilo, na ulilingoja siku zote ishirini na moja. Jioni ya mwisho nilikusikia ukikunja nguo ileile, ukaikunjua, ukaikunja. Neno lilikuwa ulimini mwangu. Mtoto alilala ubavuni mwa Kalolaine wiki tatu, na Kalolaine hajazaa wala hatazaa. Alikuwa ananisubiri mimi mama yake niseme, ili asiseme yeye.

Nikalimeza. Mimi najua ilivyo kuwa na mtoto mahali usipoweza kufika. Kila siku unaamka kabla yake, na yeye haamki. Sikuweza kukupa hilo, hata kama wako angekuwa hai na anacheka, na hata kama angekuwa anachekea kwangu. Kalolaine bado hajanisamehe. Ukiona wino umetapakaa hapa, si mvua.

Nikuambie la mwisho, usilicheke. Pale uwanja wa ndege Kalolaine alinisimamisha penye uzio, akasema, "Wanapanda sasa, mama, wapungie." Nikapunga. Injini ikanguruma, vumbi likanipiga usoni, nikageukia pale niliposikia mngurumo nikapunga kwa mkono wote, nikatabasamu, nikaita jina la somo wangu, ambalo ni langu, kwa hiyo nilikuwa kama kichaa anayejiita. Nilipunga sana. Baadaye Kalolaine akanishika bega. "Mama, inatosha," akasema. "Wameshaondoka. Hilo ni lori la mafuta."

Watu walikuwepo. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo mwambie somo wangu: kama alichungulia dirishani akamwona bibi ameangalia upande mwingine, sikununa. Nilikuwa namuaga yeye.

Mama yako,
Fusi